Muda wa Agizo: Dhana Moja ya Karakana na Majina Yake katika Kiswahili

Utangulizi

Miongoni mwa dhana zinazomsumbua mfasiri wa nyaraka za viwanda, ipo moja ambayo kwa sura yake yaonekana nyepesi kabisa. Nayo ni ule muda upitao tangu mteja alipoagiza kitu kwa fundi au kiwandani hadi kitu hicho kilipomfikia mkononi. Kiingereza huutaja muda huo kwa maneno mawili mafupi, la kwanza likiwa na maana ya kuongoza au kutangulia, na la pili likiwa na maana ya wakati. Mfasiri ayachukuaye maneno hayo moja moja hupata jambo lisiloeleweka. Naye ayaachaye na kuandika "muda wa uzalishaji" hupata jambo lieleweka­lo vizuri, lakini si lile lililokusudiwa.

Makala haya yanakusudia kueleza dhana hiyo kama ilivyo katika kazi ya kuchonga vipuri vya chuma, hasa kwa mashine ziongozwazo na kompyuta. Kuonyesha hasara inayoweza kutokea pale inapotajwa kwa jina lisilofaa. Na kupendekeza jina moja pamoja na majina ya sehemu zake. Mifano mingi imetolewa katika Tanga na mwambao wa kaskazini wa Tanzania. Huko kilimo cha mkonge kimetegemea mashine kwa zaidi ya miaka mia moja, na huko pia lugha ya mafundi na wafanyabiashara wa pwani imehifadhi maneno ambayo mwanaistilahi wa leo hana budi kuyarudia.

Korona iliyosimama

Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, ambaye aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Miche michache iliyosalimika safarini ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana nayo yakazaliwa mashamba makubwa ya Tanga, Muheza na Korogwe. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka.

Jani la mkonge halitoi singa zake bila mashine. Mashine iliyoenea mashambani ilikuwa ile ya kampuni ya Krupp ya Ujerumani iliyouzwa kwa jina la Corona. Jina hilo la biashara liliingia vinywani mwa wafanyakazi likawa nomino ya Kiswahili: korona. Baadaye maana yake ikapanuka, likawa linataja si mashine tu bali jengo zima la kusindikia mkonge, hata mtu akasema anafanya kazi "korona" kama vile mwingine asemavyo anafanya kazi bandarini. Hakuna kamati iliyokaa kuliunda neno hilo. Waliolihitaji walilichukua, wakalipa matamshi ya Kiswahili, wakalitumia.

Ndani ya korona majani hubanwa na kupitishwa mbele ya ngoma za chuma zenye visu butu. Visu hivyo huponda na kukwangua nyama ya jani, maji huosha, na singa hubaki. Ngoma huzungushwa na shafti, shafti hukalia beringi, na visu huliwa siku hata siku kwa msuguano. Kwa hiyo korona ni mashine yenye njaa ya vipuri.

Jani lililokatwa nalo halivumilii kungoja. Likikaa zaidi ya siku moja au mbili huanza kukauka, na singa zake huwa ngumu kutoka na hupungua ubora. Basi shafti ya korona ikivunjika leo, swali la kwanza la meneja wa shamba si bei ya shafti mpya. Swali lake ni: itafika lini? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama wakataji wataendelea kukata au watasimamishwa, na kama lori litakwenda bandarini au litabaki kituoni. Dhana tunayoitafutia jina ni jibu la swali hilo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 jibu hilo lilikuwa gumu kutolewa. Vipuri vingi vilitoka ng'ambo, na nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Kiwanda cha Ulaya kiliweza kutaja majuma yake ya kazi, lakini mnunuzi wa Tanzania alikuwa na majuma yake mengine ya kungojea kibali na kutengewa fedha kabla kiwanda hicho hakijaanza hata kuhesabu. Anguko la mkonge lilikuwa na sababu nyingi, kubwa ikiwa ushindani wa nyuzi za kutengenezwa viwandani. Hata hivyo mashine zilizokosa vipuri ziliongeza uzito wa mzigo huo. Katika nyakati hizo, aliyetaja muda wa kazi ya kiwandani pekee kama kwamba ndio muda wote wa kungoja, alikuwa akimpa meneja wa shamba hesabu ya uongo.

Dhana na sehemu zake

Siku hizi kipuri kama hicho chaweza kuchongwa hapa hapa Afrika Mashariki, penye karakana yenye mashine zifaazo. Katika lugha ya mafundi wetu kazi yote hiyo huitwa "kuchonga vipuri", na jina hilo limekwisha kukubalika. Ndani yake mna namna kuu mbili. Ya kwanza ni kukereza, ambapo chuma chenyewe huzunguka na ncha ya kukatia huisogelea pole pole. Ya pili ni ile ambapo chuma hutulizwa mezani na kifaa cha kukatia ndicho kizungukacho. Kitenzi "kereza" ni cha zamani pwani: ndicho kilichotumiwa kwa miguu ya vitanda na nguzo za mbao zilizoviringwa, na mashine yake ikaitwa kerezo. Neno lililozaliwa kwa mbao lafaa vile vile kwa chuma, kwani tendo ni lile lile.

Mashine iongozwayo kwa tarakimu ni mtoto wa mashine hizo. Wazo lake lilikuzwa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, John Parsons akiwa miongoni mwa waanzilishi, na mashine ya kwanza ya namna hiyo ilionyeshwa hadharani mwaka 1952 katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Wakati huo maagizo yaliandikwa kwa matundu katika utepe wa karatasi. Katika miaka ya 1970 kompyuta ndogo ikaingizwa ndani ya mashine yenyewe, na ndipo zilipotokea herufi tatu zijulikanazo na mafundi wote duniani: CNC. Tunapendekeza ziitwe mashine za tarakimu, kwa kuwa fundi hazungushi gurudumu kwa mkono wake, bali huandika kwa tarakimu njia itakayofuatwa na kifaa, nayo mashine hutii.

Hapa ndipo penye kosa linalotendwa mara kwa mara na mtu asiyeijua fani. Husikia kwamba mashine ya tarakimu ni ya haraka, akadhani kwamba na agizo litatimizwa haraka. Lakini mashine huharakisha sehemu moja tu ya safari. Tangu agizo hadi kupokelewa kwa kipuri, zipo sehemu zifuatazo:

(a) Muda wa makubaliano: kupima kipuri kilichovunjika, kuchora, na kuafikiana bei.

(b) Muda wa malighafi: kutafuta chuma cha aina na unene unaotakiwa. Si kila chuma chafaa kwa shafti, na kile kifaacho huenda kisiwepo ghalani.

(c) Muda wa matayarisho: kuandika programu, kufunga chuma na vifaa vya kukatia mashineni, na kujaribu.

(d) Muda wa foleni: kungojea kazi za wateja waliotangulia zimalizike.

(e) Muda wa kuchonga: saa ambazo mashine yenyewe inakata chuma.

(f) Muda wa ukamilishaji: kutia matiko pale inapohitajika, kusugua, na kukagua vipimo.

(g) Muda wa usafirishaji: kutoka mlangoni mwa karakana hadi mlangoni mwa mteja.

Msomaji ataona kwamba ni kipengele (e) pekee kinachostahili kuitwa uzalishaji kwa maana yake finyu. Tukipanua maana twaweza kuongeza (c) na (f). Lakini (a), (b), (d) na (g) haviwezi kwa vyovyote vile kuitwa uzalishaji, na mara nyingi hivyo ndivyo vilivyo virefu.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni, ili uwiano wa sehemu hizo uonekane. Shamba moja la Korogwe laagiza shafti moja katika karakana ya Tanga mjini. Makubaliano yachukua siku 2. Malighafi siku 4. Matayarisho siku 1. Foleni siku 3. Kuchonga saa 5, tuseme siku 1. Ukamilishaji siku 2. Na usafirishaji siku 1. Jumla ni siku 14. Katika siku hizo zote mashine imeishika shafti kwa saa 5 tu.

Sasa shamba hilo liagize shafti 10 za namna moja badala ya 1. Mtu asiyefikiri atazidisha 14 kwa 10 apate siku 140. Sivyo. Kuchonga kutachukua saa 50, yaani siku 7 za kazi za saa nane nane, siku ya mwisho ikiwa haikujaa. Ikiwa sehemu nyingine hazikubadilika, jumla ni siku 20. Agizo limekuwa kubwa mara kumi, lakini muda umeongezeka kwa siku 6 tu.

Tena, baada ya mwaka shamba liagize shafti moja zaidi ya aina ile ile. Mchoro upo na programu imehifadhiwa. Makubaliano yaweza kuwa ya siku 1 badala ya 2, na matayarisho yakawa ya saa chache tu zinazoweza kuingia katika siku ile ile ya kuchonga. Jumla itashuka hadi siku 12. Haitashuka zaidi ya hapo, maana chuma bado chatafutwa siku 4 na foleni bado ipo. Mwenye karakana akinunua mashine inayokata kwa kasi maradufu, ataokoa saa mbili na nusu katika siku 12. Akiweka chuma ghalani mapema, ataokoa siku 4.

Mfano huu watosha kuonyesha kwamba jina "muda wa uzalishaji" humwelekeza msomaji penye sehemu ndogo na kumficha sehemu kubwa. Mtumishi wa serikali atakayeongozwa na jina hilo ataidhinisha ununuzi wa mashine pale palipohitajika ghala.

Majina yanayogombea

Tuyapime sasa majina ambayo mfasiri aweza kuyafikiria.

"Muda wa kuongoza" ni tafsiri ya neno kwa neno. Kwa Mswahili halina maana katika muktadha huu. Laweza kudhaniwa kuwa ni kipindi cha uongozi wa mtu. Tuliache.

"Muda tangulizi" lina sura ya kitaalamu, lakini halijibu swali: unatangulia nini? Tena laweza kuchanganywa na muda wa matayarisho, ambao kweli hutangulia kazi. Istilahi inayohitaji maelezo kila inapotajwa haijatimiza wajibu wake.

"Muda wa uzalishaji" tumekwisha kulijadili. Si jina baya. Ni jina la kitu kingine, nalo lihifadhiwe kwa jumla ya matayarisho, kuchonga na ukamilishaji.

"Muda wa kungoja" ni jina la kweli kwa upande wa mteja, na katika mazungumzo litaendelea kutumika. Upungufu wake ni kwamba latazama upande mmoja. Fundi hangoji, yeye anafanya kazi. Tena kungoja kupo hata pasipo agizo.

"Muda wa agizo" ndilo tunalolipendekeza. Kitenzi "agiza" kimekwisha kuzoeleka katika biashara: twasema kuagiza mali, kuagiza kutoka nje, bidhaa zilizoagizwa. Jina hili lataja jambo linaloanzisha hesabu, na halibagui mteja wala fundi, kwa kuwa agizo ni la wote wawili: mmoja amelitoa na mwingine amelipokea. Lafaa pia nje ya karakana, kwa mchapaji wa vitabu, kwa mshona sare za shule, na kwa bohari ya dawa.

Maneno jirani kutoka pwani

Istilahi haiishi peke yake. Muda wa agizo una majirani watatu ambao lugha ya biashara ya pwani imewatunza, nasi tungekuwa watovu wa shukrani kama tungeunda maneno mapya badala yao.

Wa kwanza ni miadi. Muda wa agizo ni urefu, yaani siku 14. Miadi ni tarehe iliyoafikiwa, yaani siku ile ambayo kipuri kitakabidhiwa. Mkataba ulio mzuri hutaja vyote viwili, kwa sababu urefu bila mwanzo unaojulikana hauzai tarehe.

Wa pili ni arbuni, yaani fedha itangulizwayo ili kuthibitisha nia ya kununua. Neno hili latuwezesha kujibu kwa usahihi swali la lini hesabu inaanza. Ikiwa fundi haanzi kutafuta chuma mpaka apokee arbuni, basi mkataba useme wazi: muda wa agizo utahesabiwa tangu siku ya kupokelewa arbuni.

Wa tatu ni muhula. Leo twalisikia zaidi shuleni, katika muhula wa masomo. Lakini katika mambo ya deni mtu aliyepewa muhula ni yule aliyeongezewa nafasi ya kulipa. Lafaa kabisa kwa siku za nyongeza apewazo fundi baada ya miadi kupita na kabla ya fidia kuanza kutozwa.

Pamoja na majirani hao, tulilitaja hapo juu neno matiko. Ni neno la wahunzi: chuma chekundu kwa moto kinapozamishwa katika maji au mafuta ili kiwe kigumu, kimetiwa matiko. Tanuri la kisasa lenye kipimajoto halibadilishi tendo hilo, na kwa hiyo halina haki ya kubadilisha jina lake. Mwalimu wa chuo cha ufundi atakayelitumia atawapa wanafunzi wake neno ambalo babu zao walilielewa.

Matumizi katika mikataba

Suala hili limepata uzito mpya tangu mwaka 2021, sheria iliporekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania. Mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili si tena tafsiri ya kumsaidia asiyejua Kiingereza. Waweza kuwa ndio mkataba wenyewe, na hakimu ataupima kwa maneno yake.

Tufikirie mkataba unaosema: "Muda wa uzalishaji utakuwa siku 14." Siku ya kumi na tano shamba ladai fidia, kwa kuwa korona bado imesimama. Fundi naye ajibu kwamba chuma kilichelewa siku 6, na kwamba uzalishaji wenyewe ulimchukua siku 4 tu, hivyo amebakiwa na siku 10. Wote wawili wameusoma mkataba, na hakuna aliyedanganya. Neno lililotumiwa ndilo lililowagombanisha, na hasara yake yaangukia ama shamba lenye majani yaliyokauka, ama karakana ndogo isiyoweza kuibeba fidia hiyo.

Mkataba huo ungeweza kuandikwa hivi: "Muda wa agizo utakuwa siku 14, utahesabiwa tangu siku ya kupokelewa arbuni hadi siku ya kukabidhiwa kipuri shambani. Muda wa malighafi umo ndani yake. Miadi ikipita, mchongaji atapewa muhula wa siku 3. Baada ya hapo atatozwa fidia." Sentensi hizi si ndefu, wala hazina neno lisilojulikana na mfanyabiashara wa Pangani au karani wa Korogwe. Anayezisoma ajua lini hesabu inaanza, lini inakwisha, na nini kimo ndani yake.

Kwa wafasiri, basi, twashauri mambo mawili. Kwanza, kabla ya kutafsiri, mfasiri atazame hati ya asili yahesabu kutoka wapi hadi wapi. Hata wenye Kiingereza chao huyatumia maneno yale mawili kwa upana tofauti: mwingine huishia mlangoni mwa kiwanda, mwingine hufika hadi kwa mteja. Pili, pale ambapo hati ya asili haikubainisha, mfasiri asiifiche kasoro hiyo kwa ufasaha wake, bali amwulize mwenye hati.

Hitimisho

Tumeona kwamba mashine ya tarakimu hukata chuma kwa saa chache, na kwamba siku nyingi za mteja hupotea penye makubaliano, penye chuma kisichokuwapo na penye foleni. Jina lifaalo kwa jumla ya siku hizo ni muda wa agizo. Muda wa uzalishaji ubaki kuwa sehemu yake. Miadi, arbuni na muhula viiandame istilahi hiyo katika mikataba, na kereza na matiko virudishwe katika vitabu vya ufundi.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni nalo, ili lilipike, ni lazima lijulikane kiasi chake na siku yake. Walimu wa ufundi, makarani wa ununuzi na mafundi wenyewe wanaombwa wayajaribu majina haya kazini, na kutuletea yale waliyoyazoea kama ni bora zaidi. Kwani korona lilitoka shambani, si ofisini, na hadi leo hakuna aliyepata haja ya kulibadilisha.